Mzigo Umekulemea? Mwongozo Kamili wa Mkoba Katika Morrowind, Oblivion na Skyrim

Ujumbe ninaoupokea zaidi kuhusu gemu za The Elder Scrolls hauhusu majoka wala uchawi. Ni huu: "Kaka, mtu wangu ameganda katikati ya pango, hatembei, gemu imeharibika?" Wa pili kwa wingi: "Niliweka vitu vyangu kwenye pipa, nimerudi havipo." Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo naweka yote mahali pamoja.

Mwongozo unahusu gemu tatu: Morrowind ya 2002, Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011. Oblivion iliyotengenezwa upya mwaka 2025 ina mabadiliko yake, kwa hiyo namba za hapa ni za ile ya zamani. Mikoba ya gemu hizi inafanana sura, ila kila moja ina adhabu yake. Wengi hukwama kwa sababu wanaicheza Morrowind kwa sheria za Skyrim.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sevu mpya, iliyo peke yake, usiyoandika juu ya sevu ya zamani. Tutatupa na kuuza vitu, na majuto yapo.
- Kalamu na karatasi, au sehemu ya kuandika kwenye simu.
- Sarafu za nyumba: 2,000 kwa Oblivion, 5,000 kwa Skyrim. Kama huna, hatua ya 2 na ya 6 zitakupatia.
- Kwa anayecheza Skyrim kwenye kompyuta: SkyUI, nyongeza ya kupanga mkoba, ambayo huhitaji nyongeza nyingine iitwayo SKSE ili ifanye kazi. Si lazima, lakini inapanga mkoba kwa safu na kukuonyesha thamani ya kitu kwa uzito wake bila kupiga hesabu kichwani.
- Kama saa moja ya utulivu. Usifanye haya huku mifupa inakufukuza.

## Hatua ya 1: Jua kikomo chako, na adhabu ya kukivuka

Katika Morrowind na Oblivion, kikomo ni Strength (nguvu za mwili) mara 5. Mwenye Strength 40 anabeba uzito wa 200, na aliyefika 100 anabeba 500. Basi.

Skyrim imeachana na Strength. Kila mtu anaanza na 300, na kila unapopanda kiwango ukachagua Stamina (pumzi), unaongezewa 5. Ukichagua Health (afya) au Magicka (nguvu za uchawi), mkoba unabaki palepale. Ndiyo maana kuna watu wapo kiwango cha 30 na bado wanabeba 300 kama siku waliyoanza.

Adhabu ndiyo inayowachanganya watu:

Skyrim ina huruma. Ukizidisha, unatembea polepole kama mtu aliyevimbiwa, huwezi kukimbia, na huwezi kutumia ramani kuruka kwenda mji mwingine.

Oblivion haina huruma. Ukivuka kikomo hata kwa kijiko kimoja, unasimama kama mlingoti. Gemu haijaharibika. Umezidisha.

Morrowind ni mbaya kuliko zote kwa sababu inaanza kukuadhibu kabla hujafika kikomo. Kadiri mzigo unavyokua, mwendo unapungua, na kila ukikimbia Fatigue, yaani pumzi yako, inakwisha haraka zaidi. Fatigue ikiwa chini, upanga unakosa shabaha na uchawi unagoma. Yule anayelalamika kwamba anampiga panya mara kumi bila kumgusa, mara nyingi ametoka kukimbia na nusu ya mali ya mji wa Balmora mgongoni.

*Tahadhari:* katika Morrowind na Oblivion, ugonjwa au uchawi unaopunguza Strength unashusha kikomo papo hapo. Ulikuwa na 195 kati ya 200, adui amekudhoofisha Strength kwa pointi 5, kikomo sasa ni 175, na wewe umeganda mbele yake. Acha nafasi. Mimi huacha 50 wazi kila ninapoingia pangoni.

*Umefaulu ikiwa:* umeandika namba mbili, kikomo chako na uzito ulionao sasa, na tofauti yake haipungui 50. Kama inapungua, endelea tu, hatua mbili zinazofuata ni zako.

## Hatua ya 2: Gawanya thamani kwa uzito

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchezaji mgeni akimaliza kupigana anaangalia thamani peke yake. Anaona nyundo ya vita ya chuma, Iron Warhammer, thamani 55, anaichukua. Anaona jambia, Iron Dagger, thamani 10, analiacha. Amekosea mara mbili.

Nyundo ina uzito wa 24. Gawanya 55 kwa 24, unapata 2.3 hivi. Jambia lina uzito wa 2, kwa hiyo 10 kwa 2 ni 5. Majambia kumi na mawili yana uzito uleule wa nyundo moja, na thamani yake ni 120.

Na hiyo thamani unayoiona siyo utakayolipwa. Ukiwa na Speech (ujuzi wa kuzungumza na kufanya biashara) ya 15, mwenye duka anakupa takriban theluthi moja. Nyundo ya 55 inakuletea sarafu 17 hivi. Umepoteza 24 za mkoba, umepanda na kushuka mlima, kwa sarafu 17.

Tuchukue vitu vya kawaida vya Skyrim tuvipange:

- Dirii ya chuma, Iron Armor: thamani 125, uzito 30. Inatoa 4 na kitu.
- Dirii ya Steel Plate: thamani 625, uzito 38. Inatoa 16.
- Mfupa wa joka: thamani 500, uzito 15. Inatoa 33.
- Mche wa dhahabu: thamani 100, uzito 1. Inatoa 100.
- Moyo wa Daedra: thamani 250, uzito 0.5. Inatoa 500.
- Almasi: thamani 800, uzito 0.1. Inatoa 8,000.

Angalia mfupa wa joka. Watu wanauona kama hazina, na kweli ni hazina ukiwa na pa kuuweka. Lakini joka moja lina mifupa na magamba kadhaa, mfupa una uzito wa 15 na gamba 10. Ukiua majoka mawili njiani, safari imeisha.

Utaratibu wangu ni huu. Mwanzo wa gemu, kitu kisichofika 5 nakiacha sakafuni. Nikishapata nyumba, napandisha hadi 10. Nikianza kukutana na vitu vya Elven na vya juu zaidi, chini ya 20 sikigusi. Inauma kwa siku mbili za kwanza, kisha unazoea.

### Vitu visivyofuata hesabu hii

Sarafu na funguo katika Skyrim hazina uzito, wala vifungulio vya kufuli na mishale. Chukua vyote. Isipokuwa umewasha Survival Mode, yaani hali ngumu zaidi ya kucheza, ambako mishale na vifungulio vinapimwa na kikomo chenyewe kinapunguzwa.

Vyuma vinavyookotwa kwenye magofu ya Dwemer vinadanganya kwa njia nyingine. Solid Dwemer Metal ina uzito wa 25, na ukiipeleka kwenye tanuri la kuyeyushia inatoa miche 5 yenye uzito wa 1 kila mmoja. Umetoka 25 ukabaki na 5, na hakuna kilichopotea. Lakini Bent Dwemer Scrap Metal ina uzito wa 2 na inatoa miche 3. Hiyo ukiiyeyusha, mzigo unaongezeka. Kwa hiyo ukikuta tanuri njiani, yeyusha yale mapande makubwa na uache vile vipande vilivyopinda vilivyo mpaka ufike nyumbani.

Kwa ajili ya uhunzi, ukiweza kuchagua, beba vipande vilivyopinda peke yake. Mapande makubwa yaache humohumo kwenye magofu. Naona watu wakitoka Markarth wameyabeba kama konda aliyekataa kusema gari limejaa.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kusimama juu ya maiti ya jambazi, ukaangalia vitu sita, na ndani ya sekunde kumi ukajua viwili vya kuchukua.

## Hatua ya 3: Safisha kilichomo sasa

Fungua mkoba, upange kwa uzito, anzia juu. Silaha za ziada ndizo zinazoonekana kwanza, lakini mwizi halisi amejificha kwenye vitu vidogo.

Chupa moja ya dawa katika Skyrim ni 0.5. Haina neno. Lakini ukiwa na chupa 60 za aina mbalimbali, umebeba 30, yaani dirii nzima ya chuma usiyoivaa. Kitabu kimoja ni 1, na yule aliyeamua kukusanya vitabu vyote vya Tamriel ana 70 za vitabu asivyovisoma.

Gawanya kila kitu mafungu manne: ninachotumia sasa hivi, ninachokunywa vitani, cha kuuza, cha kuweka. Fungu la kwanza na la pili ndiyo yanayokaa mkobani. Kwa dawa, beba kumi za afya na tano za kitu kingine chochote, zilizobaki ni biashara.

Katika Skyrim, kila kitu cha fungu la kwanza kiweke alama ya Favorites. Alama hiyo inakukumbusha usiuze upanga wako kwa bahati mbaya ukiwa unabonyeza haraka dukani, jambo linalotokea zaidi ya watu wanavyokiri.

*Umefaulu ikiwa:* fungu la kwanza na la pili kwa pamoja hayazidi nusu ya kikomo.

## Hatua ya 4: Tafuta ghala lisilokula vitu

Mwaka nilioanza Skyrim nilikuwa na pipa langu pembeni ya barabara. Nililichagua kwa sababu lilikuwa njiani. Nikaweka humo ngozi, miche na vito vya roho, nikaenda zangu kumaliza kazi upande wa pili wa ramani. Niliporudi nilikuta kabichi na viazi. Nilifikiri nimekosea pipa. Nililizunguka mara tatu.

Sababu ni hii. Katika Skyrim, sehemu nyingi hujirudisha upya kama hujazitembelea kwa siku 10 za ndani ya gemu, au siku 30 kama ni pango ulilokwisha kulisafisha. Sehemu ikijirudisha, makasha na mapipa yake hujazwa upya, na vyako vinaondoka bila taarifa. Oblivion ni kali zaidi, makasha mengi hujirudisha baada ya siku 3.

Kwa hiyo:

Skyrim. Nyumba ya kwanza inayofaa ni Breezehome, Whiterun, sarafu 5,000. Ukishaliua joka la kwanza kwenye mnara wa magharibi, nenda Dragonsreach ukazungumze na Proventus Avenicci. Makasha ya nyumba uliyoinunua hayajirudishi kamwe. Kama huna sarafu hizo, jiunge na College of Winterhold, chuo cha wachawi, upewe chumba, kasha lake nalo ni salama. Ni mbali na kuna baridi, lakini ni bure.

Oblivion. Nunua kibanda cha Waterfront, Imperial City, kwa sarafu 2,000. Muuzaji ni Vinicia Melissaeia, yuko Office of Imperial Commerce pale Market District. Nyumba yenyewe ni duni, ukuta unaona mwanga. Hununui raha, unanunua kasha.

Morrowind. Hapa mambo yamegeuka. Kitu ukikiweka chini sakafuni, kinakaa hapohapo hadi mwisho wa dunia. Makasha ya kawaida pia hutunza, ila yana ujazo wake, na likijaa limejaa. Kisichotunza ni maiti, maana nyingi hupotea baada ya saa 72. Usitumie maiti kama kabati.

*Tahadhari:* usijaribu kasha kwa mali yenyewe. Weka karoti moja, ngoja siku zinazotakiwa ukiwa mbali, rudi uangalie. Karoti ikiwepo, hamia.

*Umefaulu ikiwa:* una kasha moja, katika mji mmoja, na kila kitu cha fungu la nne kimo humo. Moja. Ukiwa na makasha matano miji mitano, utasahau upanga wako uko wapi.

## Hatua ya 5: Fanya unachovaa kisihesabike

Vazi kamili zito linaweza kula theluthi ya mkoba. Skyrim ina njia za kulifuta.

Anayevaa mavazi mepesi atafute kipaji cha Unhindered, kinafunguka Light Armor ikifika 50. Anayevaa mazito atafute Conditioning, Heavy Armor ikifika 70. Ukishakipata, vazi ulilovaa linahesabiwa kuwa sifuri.

Usiyeweza kusubiri, nenda kaskazini magharibi ya Solitude ukaguse jiwe la baraka liitwalo Steed Stone. Linakuongezea 100 na kufuta uzito wa vazi ulilovaa, vyote kwa pamoja. Ubaya ni kwamba kwa kawaida unabeba baraka ya jiwe moja tu kwa wakati, kwa hiyo unaachana na ile ya mawe ya kujifunza ujuzi haraka. Kwa maoni yangu, mwanzo wa gemu usiliguse. Kujifunza haraka kunalipa zaidi ukiwa mchanga. Liendee ukishapita kiwango cha 25 hivi.

Extra Pockets, kwenye ujuzi wa Pickpocket ukifika 50, inaongeza 100 nyingine. Ni njia ndefu kwa asiyependa wizi.

Oblivion inalipa uvumilivu. Light Armor ikifika 75, vazi jepesi ulilovaa halina uzito. Heavy Armor inapunguza nusu kwa 75 na kufuta yote kwa 100. Morrowind haina kitu cha namna hii, unategemea uchawi wa Feather, unaopunguza mzigo, na kupandisha Strength.

*Umefaulu ikiwa:* ukivua dirii na kuivaa tena, unaona namba ya uzito inabadilika.

## Hatua ya 6: Uza kwa mzunguko

Kosa ni kwenda na mzigo wote kwa mtu mmoja. Wenye maduka wa Skyrim wana fedha zenye mwisho: duka la vitu mchanganyiko lina sarafu 750 hivi, mhunzi 1,000, muuza dawa 500. Zikiisha, zinarudi baada ya saa 48. Kungoja kwa kitufe cha kungojea kunafika saa 24 kwa mara moja, kwa hiyo unangoja mara mbili.

Pale Whiterun mzunguko wangu ni Warmaiden's kwa silaha na mavazi, Belethor kwa mchanganyiko, Arcadia kwa dawa na viungo. Fedha za mhunzi zikiisha na bado nina upanga wa thamani, namnunulia miche na mishale yake kwanza, fedha zinamrudia, kisha namuuzia upanga. Tunabadilishana mali kwa mali na wote tunaondoka tunacheka.

Oblivion ni tofauti kabisa: fedha za mwenye duka haziishi. Ile namba unayoiona ni bei ya juu anayoweza kulipa kwa muamala mmoja. Mwenye 800 atanunua vitu mia vya 700, lakini kitu cha 3,000 atakilipa 800 tu.

Morrowind ina wanunuzi wawili wanaolipa thamani kamili: Creeper, kishetani kinachoishi Ghorak Manor mjini Caldera, mwenye sarafu 5,000, na kaa mmoja anayezungumza, mwenye 10,000, kwenye kisiwa upande wa mashariki. Fedha zao hurudi baada ya saa 24.

*Tahadhari:* kitu cha wizi hakiuziki duka la kawaida katika Oblivion na Skyrim, na kukilaza kwenye kasha lako hakukitakasi. Utahitaji mnunuzi wa Thieves Guild, chama cha wezi. Morrowind wananunua, ila usimpelekee mwenyewe uliyemwibia.

## Hatua ya 7: Ukishakwama tayari

Upo chini kabisa ya pango, umezidisha, na hutaki kutupa.

Skyrim: panda farasi. Ukiwa juu ya farasi, ramani inakuruhusu kuruka kwenda mjini hata ukiwa umezidisha. Kama farasi yuko mbali, jikokote hadi zizi la mji mkubwa ulio karibu, gari la farasi litakupeleka mji mkubwa mwingine kwa sarafu 20 bila kuuliza una kilo ngapi. Unaweza pia kupika dawa: Creep Cluster na Hawk Beak hutoa dawa ya kuongeza kikomo, inayodumu dakika 5. Ikiisha unarudi ulipokuwa, kwa hiyo inywe ukiwa karibu na mlango wa kutokea.

Oblivion: Feather, ya uchawi au ya chupa. Beba chupa mbili daima. Kama huna hata moja, tupa kitu kizito zaidi na ukubali.

Morrowind: umeganda miguu, mikono haijaganda. Uchawi bado unafanya kazi. Kabla ya kuingia pangoni piga uchawi wa Mark, unaoweka alama mahali, mbele ya Creeper. Ukijaza mkoba kupita kiasi, piga Recall, uchawi wa kurudi kwenye alama hiyo, unatokea mbele yake na mzigo wote. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote katika gemu tatu, na inageuza adhabu kali kuwa mzaha.

Mfuasi naye anabeba. Skyrim, mfuasi kama Lydia ana kikomo chake, na ukimpa vitu kwa kuongea naye atakataa ukifika hapo, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kiapo chake. Lakini ukividondosha chini na kumwamuru aviokote, anaokota hata vilivyozidi. Ila Lydia hufa. Akianguka vitani, rudi kwenye mwili wake siku hiyohiyo uchukue vyako, kisha ndipo uamue kama unamhuzunikia.